Chumvi ya Mama Mkwe

Agosti ile, huko kisiwani Ikaria, Ugiriki, chumvi nyumbani kwa Stratis ilijaa mitungini, vikombeni, hata ndani ya buli. Hata hivyo mama yake, Argiro, kila asubuhi alichukua kikapu akasema anashuka ghubani kuokota nyingine kwenye vishimo vya miamba. Saa nzima kwa miguu, bibi wa miaka sabini na moja, amevaa nyeusi ya msiba kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, mumewe hajatimiza hata miezi mitano kaburini. Akirudi, kikapu kina konzi moja tu.

"Mfuate," Stratis alimwambia mkewe, Despina. "Asije akaamua kumfuata baba."

Despina naye aliogopa, lakini tusidanganyane, udadisi ndio uliomvalisha viatu. Kijia kilikuwa cha mbuzi: miiba, kokoto zinazoteleza, kisha ukingo wa jabali. Alipochungulia chini, alishtuka. Kikapu kilikuwa juu ya jiwe. Argiro alikuwa majini hadi shingoni, gauni lake jeusi limetuna kumzunguka.

Despina aliteremka nusu kwa miguu, nusu kwa makalio.

"Mama! Toka! Unataka kujiua?"

"Punguza sauti, unatisha samaki. Naoga."

"Na gauni la msiba?"

"Ndiyo. Akitokea mtu, nimeteleza nikiokota chumvi."

"Kila siku unateleza?"

"Mimi mzee. Wazee huteleza."

Despina alicheka, kisha akaona aibu kwamba amecheka. Akakaa kwenye jiwe, akauliza lililokuwa likimwasha: kwa nini sasa?

"Miaka arobaini na tisa naitazama bahari kupitia dirisha la jikoni," Argiro alisema. "Marehemu hakupenda mkewe aonekane amelowa. Namlilia, Mungu shahidi, kila siku namlilia. Lakini nilitaka kujua ikoje."

"Haya, ikoje?"

Argiro alifikiri. "Sijui bado. Nimesimama tu mchangani. Nikiinua miguu, gauni linanizamisha."

Despina alijua kuogelea tangu utotoni. Akatazama juu kijiani. Hakukuwa na mtu, mbuzi wawili tu.

"Basi livue, mama."

"Wifi zangu wakisikia, watanitafuna mbichi."

"Nani atawaambia? Hawa mbuzi?"

Argiro aliwatazama mbuzi. Kisha akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja. Uso na mikono yake vilikuwa vimeungua kwa jua la shambani, lakini mabega yalikuwa meupe kama jibini mbichi. Maisha yote kando ya bahari, na jua halikuwahi kuyagusa. Despina alitaka kulia. Akaingia majini na sketi yake, akalipokea gauni lile zito, akalitupia begani, kisha akaweka kiganja chini ya mgongo wa mkwewe.

"Nishikie vizuri huo msiba wangu, mwanangu," Argiro akasema, akainua miguu.