Beseni la Adèle

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe tisa Juni, saa nne asubuhi, Téin Gowaé aliponyoosha mikono miwili akapokea kitambaa cha maua, kiazi kikuu na pakiti ya tumbaku kutoka kwa Bwana Vasseur wa mgodi wa nikeli. Kwetu ukipokea kitambaa mbele za watu, umempokea mtu pamoja na neno lake. Neno la Vasseur lilikuwa kwamba bomba la mgodi litapita juu ya kijito. Téin hakuuliza litapitisha nini. Kurudisha kitambaa ni tusi, naye alikuwa mtu aliyelelewa.

Mwaka wa sita baada ya hapo mkewe, Adèle, alikufa kwa ugonjwa wa figo. Kijito kilishakuwa chekundu. Wakubwa wa mgodi walileta karatasi yenye muhuri: maji ni salama.

Wiki moja baada ya mazishi, bakteria wa kijitoni walikua ndani ya beseni la kufulia la Adèle hadi wakafikia ukubwa wa mayai ya bata. Téin hakuwaamini. Alikaa juu ya ndoo siku tatu akiwachungulia, akidhani wametumwa na mgodi.

Walionekana hadi ndani. Kila mmoja alikuwa na vilango vya kuingizia nikeli, maana wanaihitaji kidogo. Nikeli ikitosha, mlinzi mmoja aliyekaa ndani alikamata chembe, akaenda kuyalalia maagizo ya kutengeneza vilango, visitengenezwe vingine. Mlinzi wa pili alikuwa ameyalalia maagizo ya pampu. Huyu akiguswa na nikeli aliinuka, pampu zikaundwa, ziada ikasukumwa nje. Kila asubuhi palikuwa na rundo la kijani la nikeli hiyo kando ya beseni.

Solange, mdogo wake Adèle, alikuja kudai beseni. Téin akashuku kwamba naye katumwa.

"Shemeji, unafuga nini humu?"

"Wanaojua kufunga mlango."

"Wape basi viti vya baraza." Akalikagua lile rundo. "Limetoka kwenye maji yetu?"

"Maji yenye muhuri."

"Hawa hawakupewa kitambaa," alisema Solange, akaliacha beseni.

Alhamisi walilibeba hadi kwenye mkutano wa baraza na watu wa mgodi. Vasseur aliinama, akatazama, akaandika.

"Wanafanya kazi nzuri," alisema. "Tutaandika kwamba kijito kinajisafisha chenyewe."

Kisha akatoa kitambaa, kiazi kikuu na tumbaku, akaomba beseni. Watu wote wakamgeukia Téin. Téin akaficha mikono kwapani.

"Mzee, usituaibishe mbele ya mgeni," alisema Wabéa, mwenyekiti wa baraza, binamu yake.

"Mgeni gani? Miaka sita anatunywesha."

Wabéa akanyoosha mikono yake mwenyewe, akapokea. "Mwenzetu msiba umemchosha," alimwambia Vasseur.

Beseni likapakiwa kwenye gari. Karatasi mpya ilikuja mwezi uliofuata, ina muhuri mkubwa kuliko ile ya kwanza, na mchoro wa bakteria juu kabisa. Kijito bado ni chekundu.

Ila kabla gari halijaondoka, Téin alishika mlango wake akauliza jambo moja. Vasseur aliliandika vizuri kwenye daftari, akalipa namba, akasema litajibiwa na wanaohusika. Aliuliza hivi: Adèle hakuwa na pampu, mlinzi wake alikuwa nani?