Kiti au Jiko

Nyumba niliitoa mwenyewe, kwa mdomo wangu, na akili zangu timamu. Marehemu mume wangu aliniachia, iko mkabala na hospitali kuu, na nilichoka kuona kinamama wenye watoto waliolazwa wakilala kwenye vibaraza vya watu. Nikamwambia mdogo wangu, ambaye ni wakili, kwamba nataka walale kwangu bure.

"Basi tuunde taasisi ya hisani, dada," akasema. "Ukishaikabidhi nyumba, si yako tena wala si ya mtu yeyote. Inabaki na lengo lake, na wadhamini wa kulilinda."

Nikaona maneno matamu. Nikauliza kama nami nitakuwa mdhamini. Akakuna kichwa. Kumbe sheria hairuhusu mdhamini kulipwa na taasisi, nami nilitaka kupika pale, nipate ujira wa kujikimu.

"Chagua kiti au jiko," akasema.

Nikacheka, nikachagua jiko. Kiti akakikalia yeye. Ningemwamini nani mwingine? Nimembeba mgongoni yule.

Jana wadhamini walikutana sebuleni. Nilipoingia na chai, mwenyekiti wao, daktari mstaafu, alikuwa akieleza kwamba nyumba igeuzwe chuo cha kompyuta. Mkuu wa chuo ameshapatikana: wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Atajitolea bila mshahara, ati, kwa mwaka wa kwanza.

"Na kinamama je?" nikauliza.

"Watatafutiwa utaratibu," akasema mwenyekiti.

Utaratibu haulaliwi. Nikamgeukia ofisa aliyetumwa na msajili wa taasisi kushuhudia kikao. "Mwanangu, hili linaruhusiwa?"

"Mama, sheria inataka manufaa ya umma, na elimu ni manufaa ya umma. Katiba yenu inasema malazi ya kinamama 'au shughuli nyingine yoyote ya hisani'. Wadhamini wakipiga kura, ni halali."

Katiba hiyo aliiandika mdogo wangu. Nilimtazama. Alikuwa anakoroga chai, naye hatumii sukari.

"Uliyaweka lini hayo maneno?" nikamuuliza.

"Tangu mwanzo, dada. Nilikusomea." Hakuinua macho. "Ulikuwa unaonja mchuzi."

Nikaweka sinia mezani. Mwenyekiti akaomba wasio wadhamini wawapishe kidogo, wapige kura. Ndivyo nilivyotolewa kwenye sebule niliyoipaka rangi mwenyewe.

Nje ya mlango alisimama binti mmoja na mfuko wa nguo na chupa ya chai, katoka wodi ya watoto. Ndani mwenyekiti akauliza nani anaunga mkono. Aliyetangulia kusema ndiyo alikuwa mdogo wangu.

"Shikamoo mama," binti akasema. "Nimeambiwa nimwone mwenye nyumba, anipe pa kulala."

"Marahaba," nikamjibu. "Mimi ni mpishi tu, mwanangu. Tusubiri, watatuambia."