Gari Lenye Breki za Watu Wawili

Kwa jinsi mumewe alivyoyakataa magari wiki nzima, Mama Mikate alijua hata hili litapewa talaka papo hapo. Moja alidai linakohoa. Jingine rangi yake mbichi, eti linaficha kutu. La tatu limewahi kuzama mtoni, na ushahidi aliokuwa nao ni pua yake tu. Sasa walikuwa uani kwa mwalimu wa udereva aliyekuwa anafunga shule yake, mbele ya kigari cha manjano chenye pedali za dereva kama magari yote, na pedali nyingine mbili, klachi na breki, upande wa abiria. Mumewe, fundi cherehani anayeweza kuchagua vifungo vya shati kutwa nzima, akalizunguka mara moja na kusema, "Hili hili. Tusihangaike tena."

Machale yakamcheza Mama Mikate.

Si kwamba alikuwa na nafasi ya kuringa. Kiwanda cha mikate anakofanya kazi kilikuwa kimehamishiwa nje ya mji, zamu yake inaanza kabla basi la kwanza halijatoka, na msimamizi alishatoa kauli yake mbele ya tanuri bila kupepesa macho: kuanzia Jumatatu, atakayechelewa asijisumbue kuingia. Leo ilikuwa Jumamosi. Bila gari hana kazi. Lakini kupigwa changa la macho mchana kweupe, tena na mwalimu mwenye tabasamu lisiloisha, hilo hakulikubali.

Mwalimu alipoingia ndani kuchukua ufunguo, akamnong'oneza mumewe, "Na hizi pedali za huku?"

Fundi akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akapapasa, akatoka na vumbi puani. "Zimekatwa. Pambo tu."

"Umejuaje? Wewe hata mafuta hujui yanaingilia wapi."

"Waya uliokatika nautambua, mama," akasema, huku akijikuna sikio.

Fundi hajikuni sikio bure. Mama Mikate akapiga hesabu zake kimoyomoyo: hawa wawili lao moja. Mwalimu kamuahidi mzee kitu kidogo, naye kaniuza mimi mkewe. Akalipiga teke tairi, akanusa viti, akavuta mlango na kuubamiza mara kadhaa. Kila alipokosa kasoro alizidi kuingiwa na wasiwasi. Gari zima, bei poa, kwa nini?

Wakaingia barabarani kulijaribu, yeye kwenye usukani, fundi kando yake. Mwalimu alichagua kiti cha nyuma. "Huko mbele nimekaa vya kutosha maishani," alisema, na hilo nalo Mama Mikate akalitilia shaka.

Kwenye kona ya kwanza gari likajikaza kabla hajagusa breki. Kwenye mteremko, lori likiwa bado mbali kabisa, gari likainamisha pua ghafla, injini ikazimika, na honi zikapigwa nyuma yao kwa matusi. Akaliwasha tena, akalisogeza pembeni, na huko nako likasimama lenyewe.

"Mwalimu, huna haya! Gari linashika breki lenyewe! Ndiyo maana bei poa! Unataka nife na unga mikononi?"

Mwalimu akakohoa kidogo. "Dada, breki ni nzima. Zote."

"Zote zipi? Si hizi za huku zimekatwa?"

"Nani kakwambia?"

Mama Mikate akatazama chini. Kiatu cha mumewe kilikuwa bado juu ya pedali, kimeikanyaga mpaka mwisho.

"Ni mazoea," fundi akasema upesi. "Mguu wa cherehani huu. Ukikuta pedali unakanyaga wenyewe."

"Cherehani unaikanyaga iende. Hii umeikanyaga isimame."

Fundi akaangalia mikono yake. "Naogopa, mama. Tangu ulipogonga geti la shemeji, ukishika usukani tu roho yangu iko juu. Nikasema, basi angalau liwe gari ninaloweza kulisimamisha."

"Kwa hiyo ungekuja na mimi kazini? Alfajiri ile?"

"Kila siku. Ningerudi na basi."

Ikamuuma, na ikamlainisha, na kule kulainika kukamzidishia hasira. Magari yote yale yalikataliwa kwa sababu hayakuwa na mahali pa kuweka mguu wa fundi. Tangu asubuhi yeye amemshuku mwalimu, ameshuku bei, ameshuku hata harufu ya viti. Kumbe mshukiwa mwenyewe ni yeye na udereva wake.

"Shuka," akamwambia.

Fundi akashuka. Mama Mikate akawasha gari, akateremka mteremko wote, akalifuata lori jingine kwa nyuma, akazunguka kwenye mzunguko na kurudi. Gari lilisimama pale tu alipotaka yeye. Mumewe alikuwa palepale kando ya barabara, kofia mikononi, uso umemshuka. Akafungua mlango wa mbele.

"Nyuma," akasema mkewe.

Akaenda kukaa nyuma, karibu na mwalimu.

"Mwalimu, nalichukua. Lakini hizo pedali uzing'oe leo hii, mimi nikiona."

"Sawa, dada."

Mama Mikate alikuwa akilia bila sauti, na macho hayakutoka barabarani.

"Na Jumatatu, mama?" fundi akauliza.

"Jumatatu wewe lala. Nikifika nitakupigia simu."