Pijo ya Kwenda Kirua

Bisibisi ilizama ndani ya chuma mpaka mpini ukagota. Fundi Kornel hakuwa ametumia nguvu. Alikuwa amelala chali chini ya gari, anagusagusa tu kama mtu anayejaribu ndizi kama zimeiva, na chuma kikampisha. Akaichomoa, vumbi la kutu likammwagikia kifuani, akajaribu mahali pengine, napo pakampisha. Sisi tulisimama tukiitazama miguu yake iliyotokeza: baba yetu, mzee Wenseslaus, mikono nyuma, mama yetu Dominika na mkongojo wake, na mdogo wangu Jovin, bado ameshika ndoo ya maji ya sabuni.

Ndoo hiyo ndiyo inayonifanya nisimulie.

Gari lenyewe lilikuwa Pijo 504 nyeupe, ile ndefu yenye safu tatu za viti. Baba aliendesha malori ya kahawa maisha yake yote, na alipostaafu akalinunua, akaanza kubeba mabibi harusi. Nusu ya wanawake wa rika langu pale Uru walifika kanisani ndani ya Pijo ile, shela limejaa kiti kizima. Sisi wanawe tuliingia tumevua viatu. Hakuna aliyeruhusiwa kula ndani, hata karanga. Simwonei nikisema alilipenda kuliko alivyotupenda sisi, maana mwenyewe hakuficha.

Jovin ni kitinda mimba wetu, mpole mpaka anakera. Siku moja ya soko, Mama alikuwa mjini Moshi, mvua imemkalia, akapiga simu kwamba hana usafiri. Baba alikuwa msibani. Jovin akautoa ufunguo msumarini bila kumwuliza mtu, akashuka kumchukua. Wakiwa wanapanda, bodaboda ikawakatia mbele kwenye kona. Jovin akaikwepa, na Pijo ikaenda kujibamiza ubavu kwenye ukingo wa daraja. Nyonga ya Mama ilivunjika. Nguzo ya katikati ya milango iliingia ndani, paa likakunjamana, na mbavu za chini, zile zinazobeba bodi nzima, zikaenda upande.

Gari lilivutwa mpaka uani kwetu. Baba aliporudi kutoka msibani alilizunguka kwanza, taratibu, akipitisha kiganja juu ya mikunjo. Alipomaliza ndipo akaniuliza Mama kalazwa hospitali gani.

Kwetu mtu akikosa sana haji na maneno matupu. Anakata jani la isale, lile linaloota mipakani mwa kihamba, shamba la migomba la ukoo, analifunga fundo, anakuja nalo akisindikizwa na mtu mzima wa ukoo. Na ukiletewa isale, hukatai. Unaweza kununa, unaweza kumweka mtu kwenye jua, lakini mwisho utalipokea, kwa sababu anayelikataa amejitenga mwenyewe na watu. Mama alipotoka hospitali, Jovin alikuja na isale lake, mbele yake ametangulia Baba mdogo Yakobo.

"Shikamoo, Baba."

Baba aliliangalia lile jani, akamwangalia mdogo wake Yakobo, kisha akanyoosha mkono.

"Nimepokea. Nimekusamehe, na yameisha."

Mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapita, kila mtu akapokea kata akanywa. Mama alilia kwa furaha, nami nilishusha pumzi. Jovin, maskini, akaona hapo ndipo pa kuleta jambo lake la pili, ambalo lilikuwa limemjaa kifuani tangu kabla ya ajali. Alikuwa na mchumba, Gladys, binti wa mzee Sifael wa Kirua Vunjo. Walishaelewana. Kilichobaki ni Baba kwenda kumposea, kwa sababu mzee Sifael alishasema hatamtoa binti yake kwa kijana ambaye baba yake yuko hai, ana afya, na hajafika.

"Nitakwenda," Baba alisema, "na nitakwenda na gari langu. Nimebeba mabibi harusi wa watu wote hapa. Siwezi kwenda kumwombea mwanangu mke nikiwa nimening'inia kwenye basi. Siku Pijo ikitembea, tunakwenda Kirua."

"Itatengenezwa lini, Baba?"

"Hilo nitaamua. Kwa sasa wewe uwe unaiosha. Kila Jumamosi. Sitaki kuiona na matope."

Baba mdogo Yakobo alikohoa. "Kaka, isale umeshalipokea."

"Kwani nimesema sijamsamehe?"

Wiki iliyofuata Kornel alipanda kutoka Moshi. Kati ya mafundi wa bodi niliowahi kuwasikia, huyu ndiye asiyemdanganya mtu. Alipima kwa kamba, akagonga huku na huku, akasema mtu mwingine angeliuza kama chuma chakavu, lakini linatengenezeka: mbavu zitavutwa zinyooke, nguzo itakatwa na kuchomelewa nyingine ya Pijo iliyokufa. Kisha alikaa na Baba pembeni, kwenye mibuni, wakaongea peke yao. Alipoondoka alituachia turubai kubwa la kijani. Baba alilikunja akaliweka stoo, na kahawa ilipoiva alilitandaza uani akaanikia.

Basi Jovin akawa anaosha. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, na Jumamosi akitoka kazini alipanda Uru moja kwa moja. Aliteka maji kwenye mfereji, yale yanayoshuka mlimani baridi mpaka mifupa inauma, akamimina paani, akasugua kwa brashi. Pale bodi ilipochanika rangi ilikuwa imebanduka na chuma kiko uchi, na hapo ndipo matope yaliposhikilia, kwa hiyo hapo ndipo alipomimina zaidi. Maji yaliingia kwenye nyufa za nguzo yakapotea ndani. Yeye hakujua yanakwenda wapi. Angejulia wapi mtu wa kuuza misumari?

Baba alikaa barazani akimtazama. Akimaliza, Jovin alifuta mikono, akasogea.

"Baba, umeamua?"

"Bado nafikiria. Gari la zamani si la kukurupukia. Pale chini ya mlango hujasugua."

Na Jovin alirudi kusugua. Masika yakaja, yakaisha, yakaja mengine. Siku moja Mama alishindwa kuvumilia. "Nyonga ni yangu," alimwambia Baba, "na mimi nimeshasamehe. Wewe unadai nini?"

"Sidai kitu," Baba alijibu. "Nimemsamehe mbele ya watu."

Gladys alikuja mara moja, wakati wa Krismasi, watu wote wa Dar wamerudi nyumbani na magari yao yanang'aa vihambani. Alivua viatu, akakunja gauni, akachukua kitambaa akaanza kuosha vioo upande wa pili wa gari, yeye na Jovin wakitazamana kupitia kioo chenye nyufa. Walikuwa wanacheka. Nilipomletea maji ya kunawa aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Dada Hilda, baba yenu anaumwa nini?"

"Haumwi."

Alipokea maji akanawa. "Afadhali angekuwa anaumwa."

Kwaresima ilipoanza, mzee Sifael alituma neno. Kuna watu wa Bomang'ombe wameshafika kwake, watu wa maana, na Pasaka ikipita atawajibu. Jovin alimletea Baba habari hiyo akiwa amepiga magoti, mtu mzima yule. Baba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole ambao sikuwahi kuusikia kwake, "Basi, siku imefika. Hilda, mpigie Kornel. Tunatengeneza." Jovin alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Aliporudi alichukua ndoo, ili fundi asilikute gari chafu.

Ndiyo siku ile ya bisibisi.

Kornel alitoka chini ya gari, akajikung'uta. Hakumtazama Jovin, alimtazama Baba.

"Mzee, nilikwambia lisiguswe na maji. Nikakuachia na turubai."

Jovin aligeuza shingo. Turubai lilikuwa pale pale uani, kahawa imetandazwa juu yake. Kisha akaitazama ndoo iliyokuwa mkononi mwake.

"Haliwezekani kabisa?" Mama aliuliza.

"Hakuna pa kuchomelea, mama. Hapa ukiweka moto panaondoka. Ukilinyanyua kwa jeki litakatika katikati. Limeliwa kwa ndani."

"Basi," Baba alisema. "Mmejionea wenyewe. Mimi nilikuwa tayari kwenda."

Akaingia ndani kunywa chai. Mtu aliyeishi na magari maisha yake yote, anayejua maji yanafanya nini kwenye chuma kilichobanduka rangi. Alikuwa amekaa pale barazani Jumamosi zote zile, akimwonyesha mwanawe mahali pa kumimina. Nilimchukia siku hiyo. Nimejaribu kulisema hili kwa namna nyingine na sijaweza.

Gladys aliolewa Bomang'ombe baada ya Pasaka. Ilikuwa Jumamosi. Nilijua Jovin hatapanda, nikamwambia Mama tusimpikie. Jioni nikasikia lango. Aliingia na ndoo yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Unafanya nini?"

"Naosha gari."

"Limeshakufa hilo."

"Lina matope, Baba."

Aliosha kila mahali, hakuruka hata chini ya mlango. Akafuta mikono, akaaga, akashuka mjini. Jumamosi iliyofuata alikuja tena, na nyingine. Hakuwa na hasira, hakuwahi kupandisha sauti, alileta sukari na sabuni ya Mama kama kawaida. Miaka ikaenda. Milango ilining'inia ikaanguka, paa likatoboka, sakafu ikaungana na udongo, mche wa mgomba ukachomoza kwenye kiti cha nyuma. Yeye aliosha kilichobaki. Majirani wakienda kwenye sala za jumuiya walipunguza mwendo getini. Walimtafuta Baba kwa macho. Baba akaacha kukaa barazani. Alihamia chumba cha nyuma, lakini maji yanayomiminwa kwenye bati husikika nyumba nzima. Aliamuru gari liuzwe chakavu. Wanunuzi walipokuja, Mama alisimama mbele ya gari na mkongojo wake, wakaondoka.

Mwaka jana, Jumamosi moja baada ya mvua, Baba mdogo Yakobo alitokea kwenye migomba, naye sasa ni mzee wa kushikwa mkono. Nyuma yake alikuwa Baba. Mkononi alikuwa na jani la isale, amelifunga fundo.

Sijawahi kusikia kwetu baba akimpelekea mwanawe isale. Mama aliketi palepale kwenye ngazi. Baba alitembea mpaka kwenye gari, akalinyoosha lile jani.

"Nilikuonea, mwanangu."

Jovin aliweka kitambaa chini. Alifuta mikono kwenye suruali, akainama kidogo kama anavyotakiwa kijana mbele ya mkubwa, akapokea kwa mikono yote miwili.

"Nimepokea, Baba. Nimekusamehe, na yameisha."

Mama alianza kulia, na Baba mdogo Yakobo akashukuru kwa Kichagga, aika, aika, akiniashiria nilete mbege. Nilipokuwa nageuka nilimwona Jovin akiliweka lile jani kwenye mfuko wa shati, vizuri, lisikunjike. Kisha akaiokota ndoo akaelekea mfereji. Baba alibaki amesimama, mkono bado ameunyoosha. Jovin alirudi nayo imejaa, akachovya kitambaa, akaanzia mbele, upande wa dereva.