Asubuhi Euphrasie Alipokuwa Elomelo

Euphrasie alipitiliza stesheni yake ya Tottenham Hale, akajikuta mwisho wa njia, Walthamstow, akicheka peke yake ndani ya treni tupu. Alipofika darasani alikuwa amechelewa, na koti amelifunga kombo.

Darasa lao la Kiingereza lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa. Mwalimu Kelvin, mtu mpole, alimwomba asimulie asubuhi yake. Euphrasie akaanza na chai, akarukia Bukavu alikozaliwa, akataja viatu vya kijani, kisha akasahau alikuwa anasema nini.

Kelvin akatabasamu. "Euphrasie, leo uko *woolly*."

Neno hilo alidhani analijua: ni mambo ya sufu. Akashika sweta yake. "Hapana, mwalimu. Hii ni nailoni."

Darasa zima likaangua kicheko. Sushila, mama wa Kolkata anayekaa naye meza moja, akamwonea huruma. "Si nguo, dada. Ni mawazo. Sisi kwa Kibengali tunasema *elomelo*."

"Elo nini?"

Sushila akachomoa pini kichwani, akazitimua nywele kwa mikono miwili mpaka zikamfunika uso, kisha akatembea hivyo hivyo akigonga viti. "Elomelo! Kila kitu huku na huku!"

"Yesu wangu, ndiyo mimi!" Euphrasie akapiga makofi. "Luc ameniomba anioe! Humo humo ndani ya treni!"

Sushila akapiga ukelele. Luc alikuwa dereva wa basi, Mkongo mwenzake, mgane mwenye haya nyingi. "Ukamjibu nini?"

Euphrasie akaduwaa. "Sikumjibu. Alishuka Seven Sisters kwenda kazini, mimi nikabaki nacheka."

"Mpigie! Sasa hivi!"

Simu ikapokelewa papo hapo. "Luc, ni mimi."

"Najua." Sauti ilikuwa ndogo. "Ulinicheka, Euphrasie. Niko hapa nje ya stesheni, hata miguu haitaki kwenda."

"Sikukucheka wewe! Furaha ndiyo ilinizidi. Nimekubali, Luc. Unasikia? Nimekubali!"

Hapo Luc akaanza kuimba wimbo wa kanisani, kwa nguvu, bila kupatia nota hata moja, huku wapita njia wakisikika wakimshangilia.

Kelvin akazisukuma meza ukutani. Sushila akamshika Euphrasie kiunoni, wakacheza mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuuliza kuna nini, naye akavutwa ndani.