Ng'ombe wa Bluu

...kichwa au mkia, swali gani hilo la kuulizwa asubuhi yote hii, Dieudonné yuko juu ya ngazi, brashi imejaa rangi nyeupe, anasubiri nimwambie aanzie wapi kumfuta ng'ombe, "Mama, nianze na kichwa ao na mukia?", na mimi nimesimama kando ya barabara kama mgeni wa duka langu mwenyewe, nikimtazama mnyama huyu ambaye marehemu Theonest alimchora ukutani kwa rangi iliyobaki baada ya kupaka geti, tulikuwa na bluu tu, nikamwambia, mume wangu, ng'ombe wa bluu umemwona wapi, akacheka, akasema wakishaonja maziwa watasahau rangi, hawakusahau, Kasulu nzima hawajui jina la duka, wanasema twende kwa ng'ombe wa bluu... anza kokote, Dieudonné, anza tu, nayasema moyoni... imechoka, Brighton kasema kweli, mtoto wa kaka yangu amesomea mambo haya Dodoma, "Shangazi, hii nembo imechoka, ng'ombe ana kwato kama viatu vya shule, halafu bluu, utadhani kagandishwa kwenye friji, Kibondo watakuchukulia siriasi kweli?", tukacheka sote, maana tunataka kufungua duka la pili Kibondo, na chupa za mtindi zinahitaji lebo, na lebo inahitaji picha safi, jani la kijani na tone jeupe, nzuri, sikatai, nzuri kama daftari jipya ambalo hakuna mtoto aliyelishika bado... akazunguka na simu yake, sokoni hapa, Buhigwe, stendi ya Kibondo, akiwaonyesha watu picha mbili, ya zamani na mpya, hii ya nani, hii ya nani, jani hakuna aliyelijua, ng'ombe kila mtu, hata bibi asiyejua a wala be, nikamwambia unaona, basi tumwache, nikakataa kwa upole, nikakataa tena, mpaka jioni ile aliporudi kutoka Kabanga, akavua kofia ya pikipiki, akaomba maziwa, akasema kama mtu anayesimulia kichekesho, "Kuna mama mmoja Mrundi, Shangazi, nimemwonyesha ng'ombe akaidaka simu kwa mikono miwili, haachii, nikajua leo nimeibiwa! Anauliza tu, iko wapi, iko wapi. Nikamwambia iko Kasulu, ila wahi, mama, wiki ijayo tunamfuta", akacheka, povu la maziwa mdomoni, na mimi nikasema, Brighton mwanangu, umenishinda, tumfute, tumfute haraka, akafurahi, akadhani ni lile tone jeupe lililonishawishi... "Mama, rangi itakauka, eh?", inakauka, ndiyo, naiona, ukingo wa kopo umeshafanya ngozi... mwaka ule kambi ya wakimbizi ya Mtabila inafungwa, mabasi ya kuwarudisha Burundi yanajaa, Esperance aliyekuwa akituletea majani ya ng'ombe akaja na mtoto mgongoni, mtoto anawaka homa, akasema, Mama Elieth, safari itaniulia huyu, nikifika nikapata pa kulala nitamfuata, akamshusha hapo, hapo hapo chini ya picha, akakishika kidole cha mtoto akakigusisha ukwato wa mbele, akamwambia kwa Kirundi, na sisi Waha Kirundi tunakisikia kama cha nyumbani, guma aha, ndagaruka, kaa hapa, narudi, mimi nimesimama pale pale na mikono imefunguka, naye akamkabidhi kwa ng'ombe... na homa ikashuka, Mungu hakuwa amenipa mtoto, Elieth ni jina langu mwenyewe, na huyo mtoto, Aline, akaniita mama kabla mahindi hayajakomaa, akaamka usiku akaniita mama, nani angemsahihisha... alikuwa mdogo mno, nimefundisha chekechea, nawajua, leo wanalia mpaka wanatapika, kesho hawakumbuki walichokililia, hakuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusema, nilimngoja aulize, mtoto unamjibu alichouliza, humjazi mengine... nani huyo anapanda kutoka upande wa Kabanga, kitenge cha njano, mzigo kichwani, anatazama kuta, anatazama huku, anza Dieudonné, anza na kichwa, anza na macho... hapana, amepinda kwenda sokoni, ni mtu mwingine... Esperance akija akakuta ukuta mweupe na jani lake atapita, atadhani amepotea njia, atauliza, hapa palikuwa na ng'ombe, na watu watamwambia, huo ndio ubaya wa Kasulu, hata mtoto wa dukani atamwambia, alikuwa hapo mama, kafutwa juzi, mwenyewe yumo ndani... na Aline ameishika ngazi kwa mikono miwili ili fundi asianguke, ufagio ameuegemeza ukutani, majirani wananisifu, Mama Elieth umelea, binti anafagia tangu hajafika kimo cha ufagio, na kweli, uwanja wote anaupitia haraka haraka, ila hapo chini ya ng'ombe anakawia, anafagia palipokwisha kufagiwa, anasimama, uso barabarani, nilidhani anapumzika... na ukwato wa mbele, Brighton aliuonyesha siku ile anakagua ukuta, "ona Shangazi, hata hapa pamelika", nikamjibu ni mvua, lakini mvua gani hula mahali padogo kama ncha ya kidole, bluu imeisha, plasta imetokeza, laini, inang'aa kama mkono wa kiti cha zamani, na ukwato mwingine ni mzima, tumbo zima, pembe nzima... mvua gani hiyo, Elieth... kila asubuhi, nimempikia chai kila asubuhi, na yeye kila asubuhi... "Mama," lakini hii si sauti ya Dieudonné, ni Aline, hajageuka, anasema taratibu, kama mtoto anayeuliza jambo ambalo jibu lake amekwisha kulipata, "yule mama wa Kabanga, aliyetaka kumnyang'anya kaka Brighton simu... alikuwa amevaaje?", kumbe Brighton amekisimulia kichekesho chake mpaka huku, na Dieudonné anatazama chini, ananitazama mimi, anamtazama yeye, brashi iko juu, tone jeupe limening'inia, halijadondoka, barabara ya Kabanga iko tupu mpaka kwenye kona, nimelingoja swali hili miaka yote nikijua nitalijibu kwa upole, limekuja, na mkono mmoja wa Aline umeiachia ngazi, na kidole chake kiko juu ya ukwato...