Madafu ya Idarusi

Wanaume wa Tongoni walikuwa wakiogopa madafu, eti yanaleta mabusha. Idarusi yeye aliyabugia kutwa. Na si kiu, jamani! Mtu mzima alipatwa na matubwitubwi, akaona haya kulala ndani kwa ugonjwa wa watoto, akaendelea kukwea minazi na mashavu yake yamefura. Ugonjwa ukamshukia kwenye korodani. Zikavimba, zikamuuma, naye hakumwambia mtu ila mkewe. Uvimbe ulipoisha, moja ilikuwa imenywea kama kunde kavu, na ya pili imelegea. Bwana mkubwa akawaza: kama dafu linavimbisha, basi na linivimbishe! Akili hizo! Alichoambulia ni kukojoa tu.

Mkewe, Mwanaasha, alikuwa bado hajashika mimba, na mama mkwe, Bi Wanu, alikwisha kumwita mgumba mbele ya wageni. Bi Wanu alipotangaza kwamba anakwenda kumposea mwanawe mke wa pili, Idarusi akadandia lori hadi hospitali mjini Tanga.

Daktari alimpima, na aliposikia habari za madafu akacheka mpaka akavua miwani.

"Dafu halina kosa. Ni matubwitubwi hayo. Ungelala, ukazifunga kitambaa cha kuzishikilia, ukazipoza kwa maji baridi, angalau maumivu yangepungua. Iliyonywea hairudi. Ya pili huenda bado inafanya kazi, kwa hiyo lete mbegu tupime. Pombe acha kabisa, inazidi kuziharibu. Na mkeo usimlaumu."

"Ndiyo, bwana daktari," akaitika Idarusi. Mbegu hakupeleka ng'o. Watu wangemwonaje?

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake yuko ukumbini, mchumba amekwisha kupatikana, binti wa kijiji cha Mwera. Mwanaasha akamwuliza palepale, mbele ya mkwewe:

"Daktari kasemaje, bwana?"

Neno moja tu lingemwokoa mwanamke yule. Idarusi akakohoa, akatazama vidole vya miguu yake.

"Kasema mimi mzima. Sina ila."

"Si nilisema mie!" Bi Wanu akapiga kigelegele.

Mwanaasha, ambaye ndiye aliyemkanda wakati ule wa uvimbe, akamtazama mumewe kwa uchungu.

Harusi ikapita. Mwaka uliofuata Bi Wanu alikuwa akichemsha mizizi michungu ya uzazi kwenye masufuria mawili, moja la kila mke, na aliyetumwa porini kuichimba ni Idarusi. Naye alikwenda, akachimba.